Injini Mpya Imeland Mtaani, Tukaituma Mpofi Kwanza

Kila msee ako na swali lake la kupima injini mpya ya kutafuta vitu kwa net. Wasee wa boli huingia na maswali ya nani alifunga fainali ya mwaka gani, dakika ya ngapi. Fundi wa simu pale steji huuliza bei ya skrini, ju bei ya skrini anaijua kuliko mwenye kuitengeneza. Dem mmoja wa mbogi yetu huandika jina lake kwanza, acheki kama dunia imeanza kumtambua. Bado, lakini hajakata tamaa.

Mimi huandika Mpofi.

Hiyo si kiburi, ni akili ya soko. Mathe akipata mama mboga mpya haanzi kumuuliza bei ya kitu hajui. Anauliza nyanya, yenye amenunua jana kwa mwingine, halafu anasikiliza. Ukiuliza mashine kitu hujui, utameza chochote na ushukuru juu yake. Ukiiuliza kitu unajua mpaka kwa mifupa, hapo ndio utashtukia kama inajua ama inakubeba ufala.

Mpofi ni ocha. Maboyz wenye nilisoma nao Kasarani, Disemba ikifika wanashika nganya za Kakamega, Kisii ama Machakos, wanarudi Januari wamenona mashavu. Yangu haina nganya. Unafika Goma kwanza, unatoka Sake, unapanda milima ya Masisi mpaka senta yenyewe, unapita Nyabiondo, Kashebere, Kibua, ndio ufike Mpofi, pale Masisi na Walikale zinapopeana mkono, Kivu Kaskazini, Kongo. Hiyo ni kama gari imekubali. Ikikataa, ni nduthi. Nduthi ikikataa, ni miguu yako na Mungu wako. Mzae alitoka huko akiwa kijana, akapitia mipaka yenye hapendi kuibonga, akaishia Nairobi na biashara ya vitenge. Mimi nimezaliwa hapa. Mpofi naijua kwa mdomo wa mzae, na kwa sauti za WhatsApp zenye mtoto wa baba mdogo hutuma akipanda mlima kutafuta rezo.

Sasa injini yenyewe. Jina nalibana, ju hawajanitumia hata mbao ya bando na mimi sifanyi tangazo la bure. Ni moja ya hizi za kizazi kipya. Huandiki maneno mawili halafu ikurushie linki kumi za bluu ujipange mwenyewe. Unaibonga vile ungebonga na msee, na yenyewe inakujibu sentensi kamili, aya tatu ama nne, na vinamba vidogo pembeni vya kukuonyesha imetoa wapi stori.

Kwa macho, iko fiti. Ukurasa mweupe, hakuna tangazo la kubeti linalorukaruka mbele ya kidole. Bando haili sana, ju ni maandishi matupu. Simu yangu ni ya kitambo, kioo kimepasuka ka ramani, na bado ilifunguka bila kunung'unika. Na ni mpole ile mbaya! Kila swali, hata la kijinga, inaanza na "Swali zuri sana!" Nikaiuliza kama kuku hulala amesimama. Swali zuri sana. Nikaiuliza kwa nini naiuliza maswali ya kuku. Hilo pia lilikuwa zuri sana. Odijo wangu wa fizikia hakuwahi kuniambia hivyo hata siku moja, kwa hivyo nakubali ilinibamba kidogo.

Kiswahili chake ni kile cha taarifa ya habari ya saa moja jioni. Inasema "tarakilishi". Mtaani sijaskia mtu akitamka tarakilishi tangu KCPE izikwe 2023. Nikaona wacha niishushe ground. Nikaichapia: "Nipe rada ya Mpofi." Ikaniambia kwa heshima zote kwamba haina taarifa za rada ya hali ya hewa katika eneo hilo, lakini iko tayari kunieleza jinsi rada inavyofanya kazi. Na ikaeleza, manze! Mawimbi, antena, ndege za vita. Nikajaribu tena: "Form ni gani Mpofi?" Ikaniuliza ni fomu ipi ningependa kujaza.

Hapo siilaumu sana. Hizi mashine hula kile kimeandikwa, na Sheng hukaa mdomoni, kwa mathree, kwa ngoma, kwa Ghetto Radio, kwa ukuta wa choo cha shule. Msee akiiandika vizuri leo, kesho imeshabadilika. Mashine itaifikia wakati sisi tumehama.

Basi nikatoa mchezo, nikaandika neno moja tu: Mpofi.

"Je, ulimaanisha Mpofu?"

Ikaniletea mawakili wa Afrika Kusini, ikaniletea wanasiasa wa Zimbabwe, wote wana jina hilo, halafu ikafunga na mnyama, yule swala mkubwa wa porini. Wote wako sawa, nawatakia maisha marefu, lakini hakuna hata mmoja ni ocha. Nikaongeza Walikale. Hapo ndio ikaamka, ikanyoosha shati, ikaanza.

Ilisema Mpofi iko Kivu Kaskazini. Kweli. Iko kwa barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale. Kweli. Kuna vikundi vyenye silaha vimepita hapo miaka na miaka, na watu wamehama makwao tena na tena wakibeba watoto na masufuria. Kweli, na hiyo inauma. Halafu, bila hata kushusha pumzi, kwa sauti ile ile ya upole, ikaniambia Mpofi inajulikana kwa ziwa lake tulivu, linalovutia wavuvi na wageni wanaopenda mandhari.

Nikamsomea mzae. Alikuwa anakunja vitenge, hakugeuka.

"Ziwa? Ziwa gani? Mimi njo nilizaliwa kule. Kuko mito, kuko pori, kuko milima. Ziwa iko ya wapi?"

"Papa, imesema ni tulivu."

"Itakuwa tulivu, maana haiko."

Akaomba nimuandikie na yeye swali, kwa Kiswahili chake cha Kivu, nisitengeneze hata neno. Ikamjibu na sanifu ya Dar, ndefu, imenyooka, na lile ziwa likarudi, sasa limeota na ndege wa aina mbalimbali. Mzae akasikiliza mpaka mwisho na adabu zote. Halafu: "Uyu iko naongopa muzuri. Angekuwa mutu, angekuwa deputé."

Ziwa lilitoka wapi? Nilikaa na hiyo stori usiku, ju mimi ni mtu wa kufuatilia. Nikabonyeza vile vinamba. Kimoja kikanipeleka kwa Maziwa ya Mokoto, ambayo yapo kweli, kule Masisi, pale penye monasteri ya Mokoto. Mbali na Mpofi, lakini wilaya jirani kwa karatasi. Mashine ilikuwa na shimo kwa hadithi yake, ikaangalia jirani ana nini, ikaazima. Haikudanganya kwa roho mbaya. Haikuwa na kitu cha kuweka hapo, na haijui kunyamaza.

Na hiyo ndio kitu ya kushika kuhusu hizi injini mpya. Zamani, injini ikikosa, ilikuwa inakuonyesha mfuko uko tupu: hakuna matokeo, jaribu maneno mengine. Kuna heshima kwa hiyo. Wenye tulianzia kwa saiba, tukilipa kwa dakika, tunakumbuka ile Google ya Kiswahili yenye kitufe kimeandikwa "Najihisi Mwenye Bahati". Ulikuwa unabonyeza ukijua ni bahati nasibu. Hii mpya haijihisi kuwa na bahati. Inajihisi kuwa na uhakika.

Wacha nieleze kidogo venye kazi hufanyika huko ndani, ju mtaani watu hufikiri kuna mtu mahali anajua kila kitu. Hakuna. Kuna programu zinaitwa buibui, zinatembea kwa mtandao zikifuata linki moja hadi nyingine, zinasoma ukurasa, zinapeleka nyumbani, zinapanga kwa faharasa kubwa. Ukiuliza, injini haikimbii dunia nzima. Inafungua faharasa yake tu. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, waliongeza ujanja wao, wakauandikia 1998: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi zenye uzito, huo upande juu. Linki ni kura. Na hapo Mpofi imeshindwa kabla kampeni ianze, ju nani ataweka linki ya Mpofi? Hakuna gazeti la Mpofi. Hakuna hoteli inataka wageni. Msee wa Mpofi akiwa na mega kidogo, hafungui tovuti, anatuma sauti kwa WhatsApp, na buibui haingii WhatsApp.

Kwa hivyo nani ameandika Mpofi? Nilipitia vinamba vyote. Ni Radio Okapi, ile ilianzishwa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle. Ni mashirika ya misaada. Na juu ya wote ni OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta: ocha yangu imeandikwa na OCHA. Na karibu zote ni Kifaransa. Mashine inachukua ripoti ya Kifaransa ya watu waliokimbia, inaifua kwa Kiswahili laini, inanipatia. Ukisoma hiyo utadhani Mpofi ni mahali watu wanakimbia tu. Hakuna mtu amewahi kuoa huko, hakuna mtu amewahi kulewa kasiksi akaimba mpaka asubuhi, hakuna mama anauza mawese kwa chupa, hakuna sombe inapondwa. Ripoti huandikwa siku ya ngori. Siku ya poa hakuna anayefungua faili.

Hiyo ya kukosa si ya injini moja. Zimekuja nyingi na kelele, na nyingi zimezikwa. 2008 kulikuwa na moja ikiitwa Cuil, imetengenezwa na watu waliotoka Google, ikatamba kwamba faharasa yake ina kurasa bilioni 120. Siku ya kwanza mitambo ikazidiwa, picha zikakaa kwa watu wasio wao, na 2010 ikafungwa. Neeva nayo, ya aliyekuwa bosi wa matangazo Google, ilifungulia watu 2021, ikafunga duka 2023. Zingine zimeishi: DuckDuckGo ya tangu 2008 kwa wasiopenda kufuatwafuatwa, Ecosia ya Berlin yenye huchukua pesa ya matangazo ikapanda miti, hata huku kwetu Afrika Mashariki. Mimi Ecosia naiheshimu. Halafu ChatGPT ikatoka Novemba 30, 2022, na kila mtu akaamua kutafuta ni kuongea. Hata Google, Mei 2024, ilianza kuweka majibu ya mashine juu ya linki, na mwezi huo huo ikawashauri Wamarekani waweke gundi kwa piza ili chizi isianguke. Ushauri huo ulitoka kwa utani wa kitambo wa mtu mmoja kwa Reddit. Ziwa letu limepata wenzake.

Lakini nisiiseme vibaya tu, ju kuna kitu kilinishtua. Nikatoka Mpofi nikauliza Walikale ina nini chini ya udongo. Wueh! Mashine ikabadilika. Hakuna kuazima, hakuna "huenda". Ikanipa Bisie, mgodi wa bati wa Alphamin, wenye peke yake hutoa kama asilimia 6 ya bati ya dunia. Ikanipa tarehe: Machi 13, 2025 mgodi ulisimama ju waasi wa M23 walikuwa wanakaribia, Machi 19 wakaingia Walikale-senta, Aprili wakatoka na kazi ikarudi. Ikaniambia hadi bei ilivyoruka London siku hizo. Nikauliza Masisi, ikanipa Rubaya, koltani, kama asilimia 15 ya dunia nzima. Ikanipa mpaka stori yenye mzae huipenda, ya vile ndege ndogo zilikuwa zinatua kwa lami ya barabara pale Kilambo, magari yakisimama pembeni, zinabeba mawe zinapaa. Mzae akaskia Kilambo, akaacha vitenge. "Iyo ni kweli. Iyo ni kweli kabisa."

Kila simu ina bati kwa viungo vyake vya ndani, na tantali ya koltani kwa vijidude vya kuhifadhi umeme. Mashine ilinieleza hivyo vizuri, kwa simu. Kijiji haikijui, mawe inayajua kwa kilo. Si muujiza: mawe yana mtu anayeyaandikia kila siku ya kazi, kwa Kiingereza, na ana mshahara.

Ya pili ya kunishtua ilikuwa Mwindo. Kama hujamskia, Mwindo ni shujaa wa Wanyanga, watu wa Walikale. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, alisema hataki mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hivyo hivyo, anatembea na anaongea siku ya kwanza, na stori yote ni mzae na kijana wake wakikimbizana mpaka kuzimu na kurudi, mpaka wanapatana. Nikaiuliza nikitarajia ziwa. Wapi! Ikatiririka bila kuteleza. Ilijua kwamba 1956 fundi wa hadithi, Candi Rureke, aliisimulia, akaiimba na kuicheza kwa siku 12, na Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji, akaiandika, na kwamba kitabu kilitoka Marekani 1969, kikiwa na jina la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, pale mbele. Kitabu kinasomeshwa vyuoni huko ng'ambo, kwa hivyo kina linki, kwa hivyo mashine inakijua. Siku 12 za mzee mmoja zimetosha kuilisha mashine ya leo. Soko la Mpofi halijapata hata asubuhi moja.

Mzae alisema toleo la babu yake lilikuwa tofauti, na refu. Nikamwambia wacha nimrekodi. Akasema hana wakati, kuna mteja wa Githurai anakuja.

Sasa kuhusu mdogo wangu wa Mpofi, yule mtoto wa baba mdogo. Nilimtumia sauti nikimpa stori ya ziwa, tucheke. Jibu lilichelewa, ju lazima apande mlima. Kongo ilipiga Starlink, ile net ya setilaiti, marufuku Machi 2024, ikaipa leseni Mei 2025, lakini leseni ya Kinshasa haimpunguzii mtu kilima, na yule dishi mwenyewe bei yake ni ng'ombe. Alipojibu, hakucheka.

"Yaya, mimi niko Mpofi. Naijua. Ya nini niulize mashini Mpofi iko namna gani? Iulize iyi: migomba yetu iko inakauka. Majani inakuwa manjano, ndizi inaiva mbele ya saa, na ukikata mti inatosha maji ya manjano. Iulize dawa."

Nikaandika yote venye alisema. Swali zuri sana, ikasema, na safari hii sikuudhika. Ikaita ugonjwa jina lake: mnyauko bakteria wa migomba. Ikasema Kongo ulionekana kwanza huko huko Masisi, 2001, na kwamba hauna dawa ya kupulizia. Unasambazwa na wadudu wanaotembelea lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na unasambazwa na panga. Kwa hivyo ua unalivunja mapema, kichane cha mwisho kikishatoka, na hulikati na panga: unatumia kijiti chenye panda. Panga ikigusa mti mgonjwa unaipitisha kwa moto ama kwa jiki kabla iguse mwingine. Mti uliougua unaukata chini kabisa, huhitaji kung'oa shina lote na watoto wake. Nikafungua vinamba moja kwa moja, ju stori ya ziwa ilikuwa bado inanisumbua. Ni watafiti wa migomba, wamefanya kazi Masisi kwenyewe. Ilikuwa imenyooka.

Mwishoni ikamshauri amuone afisa kilimo aliye karibu naye. Nilimsomea na hiyo. Hapo ndio alicheka, mpaka upepo wa mlima ukafunika sauti.

Kwa hivyo sijaitoa kwa simu. Nimeipea kazi zake. Maswali yangu ya kuringa nayo kwa mbogi nimeacha, na sheria yangu ni moja: aya isiyo na kinamba siisomi kwa sauti mbele ya mzae. Wasee wa boli wao wameihama tayari, ju iliwapa mfungaji wa goli ambaye siku hiyo alikuwa benchi. Yule dem bado huandika jina lake.

Mdogo wangu ndiye mteja mkubwa sasa. Hutuma maswali matatu kwa sauti moja kuokoa mega: plagi ya pikipiki, dawa ya kuku, mtoto anayekohoa usiku (hilo nilimwambia ampeleke kituo cha afya, mashine pia ikasema hivyo). Maboyz wengine wa kwao wamejua ako na kaka Nairobi mwenye mashine. Wengi wao hushinda kwa mashimo, wakichimba kasiterite, jiwe la bati, wanauza kwa manegosia wenye mizani yao na bei yao. Juzi akatuma swali lao.

"Yaya, negosia anasema bei imeshuka kule inauziwaga. Iulize bati ni ngapi leo."

Kwa hilo haikutetemeka. Soko la metali la London, bei ya tani, kwa dola, na saa ilipochukuliwa. Ilikuwa imepita 30,000. Nikahakikisha kwingine, ikatoka ile ile. Nikampa maelezo pia: hiyo ni bati iliyoyeyushwa na kusafishwa, jiwe lina uchafu wake, kuna usafiri, kuna kodi, kuna njia ndefu mpaka London. Lakini hesabu aifanye, agawanye kwa kilo.

Baada ya muda zikaingia sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa watu wengi wakibishana kwa Kinyanga na Kihunde, mtu akihesabu, mwingine akimkatiza. Ya pili ilikuwa yake.

"Yaya, iulize tena. Iyi ni kama ile ya ziwa."